Nani alikuambia deraya lazima inunuliwe?

Nilikuwa nimeahidi kuendelea na somo la hifadhidata, lakini litangoja wiki moja. Leo nina hasira, na nisipoiandika hapa itaishia ndani ya programu ya mwajiri wangu, na hilo halitamfaidi mtu.

Kisa chenyewe ni hiki. Mdogo wangu alimaliza kidato cha nne, na tangu hapo amekuwa akijifundisha kuandika programu kwa laptop ambayo mama alimnunulia baada ya kuuza mahindi. Tunaishi Matulo, kati ya Webuye na Bungoma mjini, pale penye kiwanja kidogo cha ndege (ukipepesa macho ndani ya matatu umeshatupita). Kwa miezi miwili kijana huyu aliunda deraya nzima ya Master Chief, yule askari wa kijani wa mchezo wa Halo: kofia, kifua, mabega, mikono, mapaja, magoti, viatu. Kisha akaivaa kwenye shindano la kosplei, yaani watu kuvaa na kujifanya wahusika wa michezo na katuni, katika mji ambao sitautaja.

Mwamuzi mmoja alimgonga begani kwa kidole, akauliza, "Hii sponji uliagiza wapi?" Kijana akasema ukweli: "Si sponji, ni katoni." Mwamuzi akacheka, akaandika kitu kwenye karatasi yake, akapita. Zawadi ya kwanza ikaenda kwa mtu aliyevaa suti iliyotoka ng'ambo kwa kifurushi ikiwa tayari imeshonwa. Lebo ya saizi ilikuwa bado inaning'inia shingoni. Niliiona kwa macho yangu.

Sina ugomvi na aliyeshinda. Alikuwa na pesa, akanunua, akavaa, akapendeza. Ugomvi wangu ulianza usiku ule tuliporudi, pale mdogo wangu aliposema, "Kaka, nimeamua niuze laptop niagize sponji yenyewe na nilipie printa ya 3D. Bila hivyo nitazidi kuchekwa." Auze laptop! Chombo anachojifunzia kazi kiuzwe ili kinunuliwe kitu ambacho, kama nitakavyoeleza, kimejaa miguuni mwa kila mtu wa soko la Matulo.

Basi nasema hivi, na aliye na jibu alilete: wanaowaambia vijana wetu kwamba deraya inahitaji vifaa vya kuagiza hawajui deraya ni nini. Deraya ya mchezo wa video si sponji. Deraya ni jiometri.

Tuanze na Halo yenyewe. Mchezo wa kwanza ulitengenezwa na Bungie, ukatoka mwaka 2001 kwa Xbox na mwaka 2003 kwa kompyuta. Ni mchezo mwepesi ambao kompyuta nyingi za kizee huuendesha bila kulalamika, na ndiyo maana ulifika hata kwenye saiba za huku. Sasa mtazame Master Chief kwa jicho la mwandishi wa programu, usimtazame kama shabiki. Kompyuta za wakati ule hazikuweza kuchora duara kamili, kwa hiyo mwili wake wote ni vibapa bapa vya pembetatu vilivyounganishwa pembeni. Vibapa! Yaani mhusika huyu alizaliwa akiwa tayari ni kitu cha kukatwa kwenye karatasi na kukunjwa. Hakuna mhusika anayefaa katoni kuliko yeye.

Na hesabu yake uliifanya shule ya msingi. Mwalimu alikuchorea mchemraba uliokunjuliwa, miraba sita yenye umbo la msalaba, akakwambia ukate na ukunje. Programu za kukunjua modeli hufanya hilo hilo kwa pembetatu mia nane badala ya miraba sita. Pepakura ya Japani ndiyo inayojulikana zaidi. Lakini mimi natumia Blender, ambayo ni huria: mwaka 2002 watu walichanga euro 100,000 ili msimbo wake ufunguliwe kwa ulimwengu wote, na tangu hapo hatulipi kitu. Ina kiongezi cha kutoa modeli ya karatasi. Unaipa modeli, unachagua mishono ikatwe wapi, inakutolea kurasa za A4 zenye namba kwenye kila ukingo: namba 41 ibandikwe na namba 41. Mtu anayeweza kusoma namba anaweza kuunda kofia ya Master Chief. Sisemi ni rahisi. Nasema haihitaji kuagiza.

Palipo na ugumu ni pengine, na video za ng'ambo hupapita mbiombio kwa sababu zinataka kukuonyesha bunduki ya gundi. Silinda hukunjuka ikawa bapa, koni pia. Tufe halikunjuki kamwe, ulifanyeje. Ndiyo maana fundi cherehani anaposhona kifua cha gauni hukata pembetatu na kuzishona, ili kitambaa bapa kikubali kuwa na tumbo. Juu ya kofia na kwenye mabega ni vivyo hivyo, ukate pembetatu nyembamba uzifunge. Mdogo wangu alihangaika siku nne na utosi wa kofia mpaka jirani yetu, mama mshonaji, alipopita akatazama na kusema, "Si uweke penzi tu, kijana?" Penzi, yaani mkunjo wa kuchukua nafasi iliyozidi. Siku nne! Jibu lilikuwa hatua thelathini kutoka mlangoni.

Jambo la pili ni unene. Kiolezo cha karatasi hakina unene, lakini katoni au sponji inao. Ukizungusha kitu chenye unene wa milimita 5 kwenye mkono, mzunguko wa nje unazidi ule wa ndani kwa 2 mara 3.14 mara 5, yaani milimita 31. Sentimita tatu nzima. Kama kiolezo chako kilipimwa nje, mkono hautaingia. Tulijifunza hilo kwa kipande cha kwanza, ambacho sasa kuku wanalalia.

Na ukubwa. Master Chief akiwa ndani ya deraya ana kama futi saba. Mdogo wangu ana tano na nusu, na huo ni ukarimu. Ukichapa modeli kwa kipimo chake cha asili unapata pipa. Pima mkono wako kutoka kiwiko hadi kifundo, pima kipande hicho hicho kwenye modeli, gawanya, tumia jibu kama kizidishi. Na ukumbuke kwamba ukiongeza urefu kwa asilimia 10, karatasi inaongezeka kwa asilimia 21, kwa sababu eneo ni urefu mara upana. Kwa anayelipa saiba kwa kila ukurasa, hiyo si nadharia.

Sasa nije kwenye hizo orodha za vifaa, ambazo ndizo zilizonichosha. Fungua video yoyote yenye kichwa cha "bajeti ndogo". Mengi niliyotazama yanaanzia dola 100, ambazo kwetu ni kama shilingi 13,000. Nunua mikeka ya sponji ya karakana, nunua bunduki ya joto, nunua kinoo cha umeme, nunua gundi ya aina fulani yenye jina refu. Kijana wa Kitale anaandika orodha neno kwa neno, anatafuta bei, anaongeza usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16, kisha anafunga daftari na kusema kosplei ni ya watoto wa matajiri wa Nairobi.

Sisi waandishi wa programu tunalijua kosa hili. Ni sawa na kunakili programu ya mtu pamoja na njia za mafolda ya mashine yake, halafu ushangae kwamba haiendeshwi kwako. Maktaba ya programu unaweza kuibadilisha na nyingine, mradi ile mpya inajibu maswali yale yale. Kwa hiyo usiulize kitu hicho kinaitwaje dukani. Uliza kinafanya kazi gani. Sponji ya deraya ina kazi nne: ikunjike, ibaki ilivyokunjwa, iwe nyepesi, ishike rangi. Orodha imekwisha.

Katoni inafanya kazi hizo zote nne. Tazama ukingo wake: ina mifereji kati ya karatasi mbili. Ukiikunja kwa kufuata mifereji inatii, ukiikunja kwa kuivuka inavunjika vibaya. Ukiloanisha upande mmoja kidogo na kubandua karatasi ya juu, mifereji inabaki wazi na katoni inazunguka kama mkeka, ikakaa kwenye mkono bila kona. Halafu unabandika vipande vya gazeti kwa uji wa unga wa ngano, tabaka tatu au nne, kila moja ikauke kabla ya inayofuata. Ikishakauka igonge kwa kidole, usikie. Juu yake gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji kidogo, mara tatu, ili rangi isinyweshwe na karatasi. Rangi nyeusi kwanza, kijani juu yake, na mwisho ile ya fedha kwa brashi iliyokaribia kukauka, ukigusa kingo tu, pale ambapo chuma cha kweli kingechubuka.

Na niseme hili kwa watu wa kwetu hasa. Tunaishi kando ya Webuye, mji wa kiwanda cha karatasi! Panpaper ilipofungwa mwaka 2009 mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na nakumbuka wazee wakizungumza karatasi kama wengine wanavyozungumza mpira: uzito wake, nyuzi zake, mti gani unatoa ipi. Mwaka 2016 kiwanda kiliuzwa kwa wamiliki wapya. Watu waliolelewa na karatasi, leo mtoto wao anavaa karatasi halafu tunamwonea haya?

Gharama, kwa wasioamini. Kuchapa kurasa 84 kwa shilingi 5 ni 420. Gundi ya viatu 450, unga kilo moja 90, rangi tatu 900, gundi nyeupe 300, nyembe 40, mikanda na vifungo vilivyokatwa kwenye mabegi ya mitumba 150. Kioo cha dhahabu cha usoni ndicho watu waliuliza zaidi: ni kioo cheusi cha helmeti ya bodaboda iliyopasuka, shilingi 200 kwa fundi wa pikipiki, kikapakwa rangi ya njano ya kupitisha mwanga iliyobaki kwa mchora matatu, ambaye hakutaka kulipwa. Katoni zilikuwa za bure kutoka duka la jumla. Jumla 2,550.

Nisiwadanganye, deraya hiyo ilikuwa na udhaifu, na mmoja ulituaibisha. Mvua. Wenyeji wa Bungoma mnajua mawingu ya saa tisa. Tulishuka kwenye matatu ikanyesha, na kufika kwetu ukumbini goti la kushoto lilikuwa limelainika kama ugali wa jana. Alichechemea jukwaani. Kama mwamuzi angesema, "Goti lako limeloa, umepoteza alama," ningempa mkono. Hakutazama goti. Alitazama jina la malighafi.

Baada ya hasira kupoa kidogo tukaunda magoti na viatu upya, na hapa ndipo patapata zinapoingia. Ile sponji ya EVA wanayoiagiza ni kitu gani? Ni familia moja na soli ya patapata. Ndiyo hizo hizo unazovaa kwenda bafuni. Soli zilizochakaa zinatupwa kila siku, na mikeka ya sponji ya herufi ya watoto inauzwa mtumba hata Kitale. Tulitumia shilingi 1,200 zaidi. EVA ikipata joto inalegea, ikipoa inabaki ulivyoikunja, na joto hilo halihitaji bunduki ya umeme: pasi ya makaa, karatasi katikati, hesabu hadi kumi, ikunje kwenye paja, shikilia. Ikianza kutoa moshi umezidisha, iondoe. Na gundi ya viatu itumie nje, uwanjani, upepo ukipita. Msijifungie chumbani na mvuke ule ati mnafanya sanaa. Fundi viatu wetu ndiye aliyetufundisha kupaka pande zote mbili, kungoja mpaka isishike kidole, ndipo uunganishe. Video nzima ya dakika ishirini ilikuwa imelieleza hilo vibaya zaidi yake.

Anayedhani patapata ni kitu cha mzaha aende Lamu. Flipflopi, jahazi lililoundwa huko na mafundi wakiongozwa na Ali Skanda, lina mbao za plastiki iliyorejelewa na limevishwa patapata 30,000 zilizookotwa. Lilishushwa majini mwaka 2018, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri kama kilomita 500 hadi Unguja. Bahari ya Hindi haikuuliza sponji iliagizwa wapi.

Kuna watakaonijibu kwamba kuna Mthai, Anucha Saengchart, anayejulikana dunia nzima kwa kosplei ya bei nafuu: sufuria kichwani, vitunguu, taulo. Nampenda sana, hucheka mpaka nikalia. Lakini ule ni utani, na yeye mwenyewe anauvaa kama utani. Hatari ni kwamba waamuzi wetu wakiona mtu hana pesa wanadhani naye anatania. Mdogo wangu hakuwa anatania. Alipima kila ukingo.

Na historia yenyewe haiko upande wao. Mkutano wa kwanza wa dunia wa hadithi za kisayansi ulifanyika New York mwaka 1939. Waliofika wamevaa mavazi ya wakati ujao walikuwa wawili, Forrest Ackerman na Myrtle Douglas, na mavazi yote mawili aliyabuni na kuyashona Myrtle mwenyewe. Hakukuwa na duka la kuagiza. Mchezo huu wote ulianzia kwenye mikono ya mwanamke mwenye sindano, halafu leo mtu anakuja kuniambia kwamba kuunda mwenyewe ni unyonge.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaoandaa mashindano, ya Nairobi na haya madogo ya kwetu, ni moja na halina gharama: tenganisheni aliyeunda na aliyenunua. Wekeni meza mbili. Anayeshindania uundaji alete violezo vyake, alete picha za kazi ikiendelea, aeleze kwa nini alikata mshono pale na si hapa. Muulizeni kuhusu milimita 31. Asiyejua atajulikana mara moja, hata akivaa dhahabu. Na aliyenunua apewe meza yake ya kuigiza na kutembea, kwa sababu kuigiza nako ni kazi. Tukikagua programu kazini hatuulizi kompyuta yako ilinunuliwa kwa bei gani, tunasoma ulichoandika.

Wapo pia wanaosema ni upuuzi mtu mzima kuvaa katoni, kuna njaa, kuna karo. Hao nawajibu kwa ufupi. Kijana huyu alianza akiwa haelewi kizidishi ni nini, akamaliza akiandika programu ndogo ya Python inayopokea vipimo vya mwili na kutoa kizidishi cha kila kipande, mistari 60 hivi, ina makosa mawili ambayo nimemwachia ayatafute. Mnataka ajifunze nini kingine?

Wanaokwenda kanisani wanakumbuka Daudi alipovikwa deraya ya Sauli. Aliivua, kwa sababu hakuwa ameizoea. Mama ndiye aliyetukumbusha usiku ule wa laptop, akiwa jikoni, bila hata kugeuka. Kijana hakujibu, lakini asubuhi laptop ilikuwa bado mezani na Blender imefunguliwa.

Violezo ninavyo, vimepimwa kwa mtu wa futi tano na nusu, na ile programu ya vipimo ipo pia. Anayevitaka aniandikie, nitamtumia bure, ila aniambie urefu wake. Sasa mawingu yameshuka upande wa Webuye na magoti mapya yako kwenye kamba yakikauka rangi. Naenda kuyaanua.